Asante wewe uliyeniambia nichomoe RAM (vile vijiti vya kumbukumbu ndani ya kompyuta)
Jamani sijui hata jina lako ila asante sana ndugu yangu. Kompyuta yangu ya Windows ilikua inaleta skrini ya bluu kila saa, imeandika MEMORY_MANAGEMENT, mara iwake mara izunguke tu isifike popote, na mimi nikapiga Windows upya mara 2 bila faida (mafaili kibao yakaenda na maji, acha tu). Wewe bila hata kunicheka ukaniambia niachane na programu kwanza, nizime, nichomoe waya wa umeme, nitoe RAM zote 2 nijaribu moja moja. Kweli bwana, moja ndo ilikua mbovu! Na ile nzima peke yake inawaka fresh tangu juzi, nzito kidogo lakini haijajizima hata mara 1. Ukijijua ni wewe, nistue.