Mhariri, shokapu za nyuma za bodaboda zinatuumiza na hakuna anayezisemea

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi, salamu kutoka Nzuguni hapa Dodoma. Mimi ni dereva bodaboda, huu mwaka wa 11 sasa, napiga kazi mjini na pia nashuka vijijini upande wa Handali, Idifu mpaka Mvumi huko, na gazeti lenu tunalisoma kijiweni, moja linazunguka watu kumi mpaka linachakaa. Mnaandika sana habari za helmeti, leseni, mishikaki, na ni sawa kabisa wala sipingi, ila kuna kitu kimoja sijawahi kukiona kwenye kurasa zenu na ndo kinachotumaliza migongo na kutuangusha kwenye rafu rodi, nacho ni shokapu za nyuma, zile zenye springi zinazomeza mishtuko ya barabara. Yaani naomba leo mnipe nafasi nilitoe hili jambo maana limenikaa rohoni miaka kadhaa.

Huku kwetu kijana akinunua pikipiki mpya kitu cha kwanza anachoambiwa ni aende akaongeze shokapu. Wanasema hizi za kiwandani laini, zitakufa, huku unabeba gunia la mkaa, unabeba alizeti, unabeba mahindi ya kupeleka Kibaigwa, sasa utawezaje na springi ya kitoto. Basi anapelekwa kwa fundi anawekewa springi ya pili, au anakatiwa mpira wa tyubu unachomekwa katikati ya mizunguko ya springi, au anachomelewa vipande vya chuma pale chini ili nyuma ipande juu. Anatoka pale pikipiki imesimama kama mbuzi anayetaka kupiga kichwa na kila mtu anasema hapo sasa umeweka chombo. Mimi nilifanya hivyohivyo, sikuwa mjanja kuliko wengine.

Mwaka 2021, mwezi wa pili, mvua zimekolea, usiku kama saa 5, nikaitwa kumtoa mama mjamzito kijijini kumpeleka hospitali. Mumewe alikuwa kwenye pikipiki nyingine mbele yetu. Njia yenyewe mnaijua nyie mliozaliwa huku, mchanga, halafu korongo, halafu sehemu barabara imejikunja kama bati kilomita nzima. Shokapu zangu zilikuwa zimekazwa za kubeba magunia, na yule mama na mimi kwa pamoja hatukufika uzito wa kuzishusha hata kidogo, kwahiyo kila tuta pikipiki ilikuwa inaturusha juu, haimezi kitu, inapiga tu. Nilipunguza mwendo mpaka gia ya kwanza na bado ilikuwa inapiga. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu simama, nitashuka nitembee." Akashuka kweli, tukatembea naye lile eneo lote, mumewe kamshika mkono mimi nasukuma pikipiki na taa inamulika chini miguuni kwangu badala ya mbele kwasababu nyuma nilishaipandisha. Alifika na akajifungua salama namshukuru Mungu, ila mimi sikulala ile siku. Kesho yake nikaenda kung'oa yale machuma.

Sasa nilichojifunza baada ya pale, kwa kuuliza mafundi wazee na kwa kufungua shokapu zilizokufa moja moja, ni kwamba shokapu inafanya kazi mbili na sisi tunajua moja tu. Springi inabeba uzito, sawa, lakini ndani kuna oili inayopita kwenye vitundu vidogo, na hiyo oili ndo inaituliza springi isirudi kwa kishindo. Ukigonga shimo springi inajibana, ikijibana imeweka nguvu, hiyo nguvu lazima iende mahali, kama oili ipo inaimeza taratibu na kuigeuza joto, kama oili imevuja basi nguvu yote inakurudia wewe kwenye kiuno. Ukiongeza springi ngumu juu ya shokapu ileile umeongeza nguvu ya kurudi halafu mtulizaji ni yuleyule, tena kachoka, ndo maana pikipiki iliyokazwa inarukaruka kama mpira.

Na kuruka siyo maumivu tu jamani. Tairi likiwa hewani halishiki chini. Kwenye ile barabara iliyojikunja kama bati tairi la nyuma linagusa kichwa cha tuta, linaruka, linagusa kingine, kwahiyo ukishika breki hapo nusu ya muda unashika breki ya tairi ambalo haliko ardhini, nyuma inakwenda upande, na watu wanasema kijana alikuwa na spidi. Wengine kweli walikuwa na spidi. Lakini wengine mimi nawajua na pikipiki zao nazijua.

Kuna mdogo wangu yuko Kanada, kule wana pikipiki za theluji, hazina matairi, mbele zina skii mbili na nyuma mkanda mpana wa mpira unaozunguka. Nilidhani theluji ni laini tu kama pamba, kumbe ananiambia zikipita nyingi kwenye njia moja theluji nayo inajikunja matuta vilevile kama mchanga wetu, na waendeshaji wa kule wanalia migongo kama sisi. Shokapu zao za nyuma zimefichwa ndani ya ule mkanda, mara nyingi ni mbili, ya mbele na ya nyuma. Kilichonigusa ni utaratibu wao, kwamba mtu anayetaka kuboresha haanzi na kununua kitu kigumu zaidi, anaanza na kujipima uzito wake pamoja na nguo na mzigo, anatafuta springi inayolingana na huo uzito, halafu zile shokapu zinazofunguka anazipeleka zikabadilishwe oili na sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, na kujazwa gesi upya, wengine kila baada ya msimu mmoja au miwili. Mtu mwembamba na mtu mnene hawatumii springi moja. Sisi huku kijana wa kilo 55 na baba wa kilo 90 wanafungiwa kitu kimoja na fundi mmoja.

Kupima kwenyewe wala siyo kazi ya chuo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati tairi la nyuma lining'inie, chukua futikamba upime kutoka nati ya ekseli kwenda juu mpaka alama uliyoweka chini ya siti. Halafu ishushe, panda na uzito unaobeba siku nyingi, mwenzako apime tena palepale. Tofauti ya hizo namba mbili iwe kama robo mpaka theluthi ya nafasi yote ya kucheza ya tairi la nyuma. Pikipiki nyingi zetu tairi linacheza kama sentimita 10, kwahiyo ikishuka sentimita 3 hivi uko vizuri. Isiposhuka kabisa ni ngumu mno, haina nafasi ya kudondokea kwenye shimo. Ikishuka 5 au 6 ni laini au imechoka, itagonga chuma kwa chuma. Ile ringi ya ngazi chini ya springi, ambayo nyingi zina ngazi kama 5, inazungushwa kwa spana ya ndoano, na hapa wengi tunakosea, ringi haifanyi springi kuwa ngumu, inapandisha tu mahali inapoanzia. Ukiwa na mzigo panda ngazi, ukishusha mzigo rudisha. Dakika mbili tu. Ni nani kati yetu anafanya? Hata ile spana wengi walishaitupa siku waliyoichukua pikipiki dukani.

Kipimo cha pili hakitaki hata futi. Kandamiza siti kwa uzito wako wote halafu achia ghafla. Ikipanda mara moja ikatulia, oili ipo. Ikicheza mara mbili tatu kama kitanda cha springi, imekufa hata kama kwa nje inang'aa. Ukiona vumbi limegandana jeusi kwenye ile shafti inayong'aa, hiyo ni oili inatoka, vumbi letu jekundu limeshakula sili. Mimi kila jioni nafuta ile shafti kwa kitambaa na imenisaidia mno. Na ukibadilisha badilisha zote mbili, ukiweka mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine pikipiki inavutana. Usisahau bushi, zile pete za kwenye maungio ya ule mkono unaoshika tairi la nyuma, tikisa tairi kushoto kulia, likicheza hapo hata shokapu ya bei gani haitakusaidia.

Halafu kuna hizi shokapu zenye kopo pembeni. Kopo la ukweli lina gesi ya naitrojeni yenye presha na kazi yake ni kuizuia oili isitoe povu ikipata joto, maana ukienda kilomita 40 za rafu rodi na mzigo oili inachemka kabisa, ikitoa povu shokapu inalegea hapohapo njiani. Kitu kizuri sana. Ila mimi nilinunua peya moja ya bei nafuu duka fulani, zikafa baada ya miezi minne, tukafungua kopo na fundi ndani hakuna kitu, halina hata tundu la kuunganisha na shokapu. Bati tupu limepakwa rangi ya dhahabu. Nilijisikia vibaya mno kwasababu ile hela ilikuwa ya hesabu ya bosi siku kadhaa, na duka wakaniambia spea haina garantii.

Kwahiyo ndugu Mhariri ombi langu ni kwa watu watatu. Wauza spea, muandike kwenye boksi springi ni ya kubeba kilo ngapi na kama kopo lina gesi au halina, tusinunue kwa rangi. Mabosi wenye pikipiki, mnalipa oili ya injini na matairi bila kinyongo lakini shokapu ikifa mnamwambia kijana ni juu yake, na kijana wa mkataba hana hiyo hela, anaenda kuchomelea, mwisho chasisi yenu inapasuka pale kwenye kerea na spoki zinakatika kila wiki, gharama inawarudia nyie wenyewe. Kwa zile shokapu za kawaida zenye oili nzuri mimi nimetumia sh. 65,000 peya na fundi ndani yake, ziko mwaka wa pili sasa na nabeba zabibu za Hombolo makreti mawili msimu ukifika, zinafika sokoni Majengo hazijapondeka, zamani kreti la chini lilikuwa linafika limetoa juisi.

Na wa tatu ni nyie gazeti. Mtafuteni fundi mmoja mzoefu, mumpe hata robo ukurasa kwa wiki, aeleze vitu kama hivi kwa lugha yetu na picha. Vijana kijiweni watakata ile kona waibandike ukutani, nawahakikishia, maana tangu nianze kuwapimia kwa futikamba wanakuja wenyewe asubuhi kabla hawajaingia barabarani wananiambia kaka nipimie na mimi, na hii barua nimeiandika leo nikiwa nimetoka kupima ya kijana anayekwenda Idifu jioni kumchukua bibi yake. Haikushuka hata sentimita moja, tumetoa ule mpira wa tyubu na ameondoka bila huo mpira.

Wasalaam,
Dereva bodaboda, Nzuguni, Dodoma