Kamba ya milimita 6

Paje, Jumapili

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi, nasi hatujambo. Barua yako ilinikuta barazani na Bi Mkubwa, anasokota kamba za makumbi.

Uliniuliza kama ni kweli kuna kamba ya miaka elfu arobaini. Kweli, shoga, na ina zaidi. Imeonekana Ufaransa, mahali paitwapo Abri du Maras, chini ya ardhi kiasi cha mita 3, imegandamana na upande wa chini wa jiwe la kukatia. Habari zake zilitoka mwaka 2020. Urefu wake milimita 6 tu! Umri ni kati ya miaka 41,000 na 52,000, zama za Waneanderthali, wale binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Kwa hadubini wataalamu walikuta nyuzi za ganda la ndani la mti wa jamii ya misonobari, mafungu matatu. Kila fungu limesokotwa peke yake upande mmoja, kisha yote yakasokotwa pamoja upande wa pili.

Niliposoma hapo nikainua macho nikatazama mikono ya Bi Mkubwa. Naye hufanya vivyo hivyo: kila uzi anauviringisha kwa kiganja kwenda mbele, halafu anaupitisha kinyume juu ya mwenzake. Nikamuuliza kwa nini. "Ukisokota zote upande mmoja, ukiziachia zinafumuka." Uzi mmoja unataka kufumuka, na hapo hapo unamkaza mwenziwe. Aliyeisokota ile kamba alilijua hilo.

Naumia nikifikiria nyavu, vikapu na nguo za watu wa kale zilizooza, mawe yao yakabaki, nasi tukawaita watu wa mawe. Uzi husalimika kwa bahati. Kule Mehrgarh, Pakistani, uzi wa pamba wa zaidi ya miaka 7,000 ulibaki ndani ya ushanga wa shaba kaburini, kwa sababu kutu ya shaba iliuhifadhi.

Kwetu pwani nguo zimeoza pia, lakini vigae vimebaki. Kilwa Kisiwani wachimbaji walipata vigae vingi vya vyungu, vimechongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kutia uzito kijiti cha kusokotea pamba. Wewe uko jirani. Ukivuka, ukiviona chini usiviokote, viache palepale. Niandikie tu tundu lina upana gani, na kama kingo zake zimelika.

Watoto wabusu.

Shoga yako,
Zuhura