Wananchi gani walioshirikishwa?

Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ni zaidi ya miaka 10 iliyopita, kuhusu vyoo vya stendi. Barua ilitoka, vyoo havikutengenezwa, nikaapa kutokusumbua tena. Kiapo hicho nimekivunja kwa sababu ya habari yenu ya wiki iliyopita juu ya mdahalo wa sera ya mambo ya nje, ile yenye picha ya meza kuu na maua, ambamo mwandishi wenu anasema wananchi walishirikishwa kikamilifu. Nilikuwamo ukumbini. Kama alimaanisha kwamba tulipewa chakula cha mchana, sina ubishi naye.

Kwa miaka 26 nilikuwa karani wa wakala wa forodha pale Tunduma. Kazi yangu ilikuwa kushughulikia nyaraka za malori yanayovuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, na kuendelea hadi Kasumbalesa na Lubumbashi kule Kongo, kisha kuyapokea yanaporudi na shaba. Siku hizi nakaa kwa binti yangu Dar es Salaam, na niliposikia kwamba umma unakaribishwa kujadili ushindani wa mataifa makubwa katika ukanda wetu, nilipiga pasi shati na kupanda daladala mbili. Mlangoni nilibandikwa kifuani kikaratasi kilichoandikwa, kwa Kiingereza, kwamba mimi ni mgeni.

Mjadala wote uliendeshwa kwa Kiingereza, na ulipofika wakati wa maswali nilinyoosha mkono mpaka bega likauma. Nilieleza kwa Kiswahili, tena taratibu, kwamba Marekani na Umoja wa Ulaya wanasaidia kufufua reli ya Lobito, inayotoka pwani ya Angola kwa kilomita zipatazo 1,300 hadi mpaka wa Kongo, na kwamba Rais Biden alifika Lobito mwenyewe mwezi Desemba 2024. Na kwa upande wetu, Septemba ya mwaka huohuo kule Beijing, marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuihuisha TAZARA, reli yetu na Zambia. Nikauliza: shaba na kobalti ya Kolwezi, kule Kongo, ikianza kuelekea Atlantiki, wapangaji wa sera wamepiga hesabu ya kitakachobaki Tunduma? Na reli yetu ikipona kweli, dereva wa lori, tandiboi wake, mama anayewapikia na karani anayewagongea nyaraka wameandaliwa nini, au katika mazungumzo hayo hawakutajwa kabisa? Mezani walikuwapo wageni wawili tu wasiojua Kiswahili, kwa hiyo binti mmoja alisimama kunitafsiria. Mimi nilizungumza dakika nne hivi. Yeye alitumia muda wa kufungua chupa ya maji, akasema kwamba mzee anauliza habari za barabara. Mtoa mada akanishukuru kwa swali zuri, akazisifu barabara zetu za lami, watu wakapiga makofi, na kipaza sauti kikaondolewa mkononi mwangu. Nilipojaribu kusema kwamba sikuuliza hivyo, mwendesha mjadala, kijana mtanashati ambaye Kiswahili chake nilikuwa nimekisikia kwenye foleni ya chai, alinijibu kwa Kiingereza kwamba muda hauruhusu.

Muda ulikwenda wapi, mhariri? Tuliambiwa tufike saa 3 asubuhi na mgeni rasmi akaingia saa 5 kasoro robo. Kila aliyepanda jukwaani alianza kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja, kuanzia meza kuu hadi safu ya tatu, na akishamaliza orodha nzima ndipo anasema itifaki imezingatiwa. Ikiwa imezingatiwa, kwa nini aliisoma? Katika forodha, mtu akileta nyaraka zilezile mara sita kwa mzigo mmoja, tunamshuku.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba sera yenyewe, toleo la 2024 lililozinduliwa Mei 2025, inaitaja lugha ya Kiswahili kama bidhaa ya kuuza nje. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliipokea kama lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika kama lugha ya kazi mwaka 2022, na siku yake duniani ni Julai 7. Tunawauzia wengine kitu ambacho sisi wenyewe tunaona haya kukitumia tukiwa kwenye hoteli yenye zulia. Wala si kweli kwamba mambo haya ni mazito mno kwa lugha yetu au kwa watu wa kawaida. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa reli upande wa Mlimba, na hakufika darasa la tano. Hata hivyo alikuwa akitueleza, huku akinoa panga, kwamba walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao mwaka 1965, kwamba Zambia ikabanwa upande wa kusini ilikopitishia shaba yake, na kwamba Wachina walikopesha fedha za kujenga TAZARA bila riba baada ya nchi za Magharibi kukataa, wao pia wakiwa na hesabu zao. Mimi hadi leo sijapata mtu wa kunieleza hivyo kwa nini Machi 2022, katika kura ya Umoja wa Mataifa ya kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, sisi hatukuegemea upande wowote wakati jirani zetu Kenya walipiga kura ya ndiyo. Huenda uamuzi wetu ulikuwa wa busara. Ila Mei ya mwaka huo, vita hivyo vikiendelea, petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na aliyeilipia alistahili walau maelezo ya robo saa kwa lugha anayoielewa.

Napendekeza mdahalo ujao ufanyike Tunduma, kwenye maegesho ya malori, siku ya Alhamisi ambayo foleni imerudi nyuma hadi magari hayaonekani mwisho. Viti viwe vya plastiki vyote, na asiwepo wa kuketi mezani kwa sababu meza haitakuwapo. Dereva atakayeitwa kwenda kugonga muhuri aruhusiwe kuondoka na kurudi, na swali lake limsubiri. Wataalamu wasioweza kusema Kiswahili watafutiwe mkalimani, naye awe yuleyule binti, afupishe kila mada ya nusu saa kwa maneno matatu. Turubai ninalo, la futi 40, lilibaki baada ya msiba wa jirani na wenyewe hawajalidai. Jenereta watafute wao.

Karani mstaafu wa forodha,
Dar es Salaam