YAH: Stika za baiskeli na klia (ile rangi angavu ya kumalizia juu) mlizoniuzia zimeharibu fremu ya babu

Ndugu wahusika wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Hii ni mara ya tatu nawaandikia, mbili za kwanza nlituma WhatsApp mkanijibu "pole sana mpendwa, huo ni unyevu wa Tanga" afu kimya mpaka leo, kwahiyo naandika barua kamili na naomba isomwe na mtu anayejua rangi.

Baiskeli yenyewe ni Raleigh ya babu, ile ya wanaume nyeusi yenye breki za vyuma sio za waya, gia tatu, madigadi la nyuma limepakwa nyeupe kule chini. Kwenye habu, yani kile kitovu cha gurudumu la nyuma chenye gia, pameandikwa jina la mtengenezaji Sturmey-Archer na namba 62, yani ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962, mwaka ule ule Tanganyika ikawa jamhuri. Babu ameipanda akienda shamba la mkonge na kurudi miaka yote hiyo na mpaka naanza kuikwangua maandishi ya Nottingham, mji wa kiwanda cha Raleigh, yalikua bado yanasomeka kwenye fremu, yamefifia ila yanasomeka. Nliyapiga picha na kuyapima kwa rula kabla sijagusa msasa. Nawaambia haya sio ili mnionee huruma, ni ili mjue nlichokifuta kuweka cha kwenu.

Nlinunua kwenu seti ya stika za kuloweka kwa 45,000 na makopo mawili ya klia ya kupuliza 18,000 kila moja, na kijana wenu kwenye simu akaniambia vimetengenezwa viendane, "utapata kama ya kiwandani braza". Haya. Kazi ya kabla nliifanya kwa utaratibu kabisa, nimekwangua mpaka chuma, praima (rangi ya chini ya kushikia), msasa wa maji namba 600, rangi nyeusi mikono mitatu, nikaiacha wiki nzima imening'inia kwenye mwembe uani watoto wamekatazwa hata kuisogelea.

Stika zilivyofika nkashtuka kidogo. Dhahabu yenu sio dhahabu, ni njano ya embe, na kila herufi ina ukingo mweupe pembeni kama kanzu iliyochungulia chini ya koti. Hapo ndo ningeacha, kosa langu hilo nalikubali, ila nkasema labda klia ikipita itatulia. Nkaloweka kwenye maji ya uvuguvugu sekunde 40 hivi mpaka ikaanza kuteleza juu ya karatasi yake, nkaisukuma kwa kidole gumba taratibu mpaka ikakaa kwenye fremu, nkatoa mapovu kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda pembeni. Ilikaa vizuri tu. Karatasi yenu ya maelekezo inasema subiri dakika 20 kisha "puliza klia koti moja nene lenye kulowa". Mi nikasubiri mpaka kesho yake, saa nne asubuhi jua limetoka, nkapuliza kama mlivyosema.

Dakika tatu hazikuisha. Nimesimama na kopo mkononi naangalia ile R kubwa inaanza kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, kwanza pembeni, afu katikati ikavimba, afu wekundu wa kwenye ile nembo ukaanza kuchuruzika kushuka kwenye bomba mpaka kule pedeli inapokaa. Hakuna cha kufanya hapo, ukigusa unaharibu zaidi unabaki unaangalia tu.

Sasa tuje kwenye huo unyevu wenu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi klia inafanya ukungu, inakua nyeupe kama chai iliyotiwa maziwa kidogo, mtu yeyote aliyepuliza rangi mji wa pwani anaijua. Haikunji stika wala haichuruzishi wino. Halafu nieleweshwe hili, kava la mnyororo na madigadi nlivipuliza siku hiyo hiyo, kopo hilo hilo, chini ya mwembe huo huo, ila havina stika, na vinang'aa unaweza kujiangalia ukachana nywele! Huo unyevu ulikua unachagua penye stika tu?

Nlichukua kipande cha stika kilichobaki kwenye seti, ambacho hakijaguswa na klia wala nini, nkakipangusa na pamba yenye maji kidogo. Pamba ikatoka njano na nyekundu. Nimeihifadhi kwenye mfuko wa nailoni na picha nimewatumia. Maana yake mmechapa kwa printa ya wino ya kawaida ya ofisini, ndo maana dhahabu hakuna kwa sababu printa ile haina dhahabu, mkatumia karatasi yenye mgongo mweupe ndo maana ule ukingo, na juu ya wino hamkupitisha kitu chochote cha kuufunga. Stika ya wino wa hivyo inatakiwa ifungwe na vanishi nyepesi kabla hata haijaingia kwenye maji. Hilo ni jukumu la anayeuza, mi nimelipa 45,000 nipewe stika sio mchoro.

Nkaipeleka kwa fundi rangi wa magari pale Ngamiani, mzee wa watu akaiangalia akacheka kwanza halafu akasema "mwanangu nani kakwambia ulowanishe?" Akanifafanulia kwamba thina iliyomo kwenye klia ikimwagika nyingi kwa mara moja inazama kwenye ile ngozi ya stika inailainisha, lazima ivimbe. Unatakiwa uanze na vumbi, unapuliza kwa mbali kama sentimita 30, unapita haraka, klia inatua karibu imekauka, unasubiri dakika kumi, unarudia, hata mara tatu nne, ndo baadaye unakuja kulowanisha. Na cha ajabu nikageuza kopo lenu, kule nyuma kwa maandishi ya sisimizi aliyelitengeneza ameandika hivyo hivyo, makoti mepesi kadhaa! Yani karatasi yenu mliyoichapa wenyewe inapingana na kopo mnaloliuza ndani ya boksi moja. Kuna mtu aliisoma kweli?

Jingine, mlivyonipigia simu mara ile moja, dada akanishauri nikwangue nirudie na klia ya magari ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) maana "ni ngumu zaidi". Hakusema neno kuhusu maski. Ile hadina ina kemikali kali inaitwa aisosayaneti, sio kitu cha kupuliza uani umejifunga kitambaa mdomoni na watoto wanacheza pembeni, inaweza kumwachia mtu pumu. Tafadhali mwambieni aache kumshauri mtu hivyo kwenye simu.

Ninachodai ni hiki. Stika 45,000, klia 36,000, na kwa kuwa inabidi nikwangue upya mpaka chuma, rangi nyeusi makopo mawili 28,000, praima 14,000, msasa 6,000 na nauli ya mzigo kwa basi 5,000, jumla 134,000. Siku zangu za kazi sijazihesabu. Vocha ya duka lenu siitaki wala seti nyingine ya hizo stika siitaki, nirudishieni kwa namba ile ile nliyolipia. Na hiyo karatasi ya maelekezo iondoeni kwenye maboksi, kuna wenzangu wataifuata kama nlivyoifuata.

Risiti, picha na video ya dakika mbili mnazo tangu ujumbe wa kwanza. Nasubiri siku 14, kimya kikiendelea napeleka kila kitu Tume ya Ushindani pamoja na ile pamba.

Fremu sijaigusa, imening'inia pale pale kwenye mwembe na wino wake umekaukia njiani, mkitaka kutuma mtu aje aione kwa macho yake aje. Ila awahi, babu keshaniuliza mara mbili "baiskeli yangu iko wapi" nami namwambia bado inakauka.

Mteja wenu,
Tanga