Mke wa Macbeth asibebeshwe mzigo wote

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu Macbeth ya Shakespeare, nikabaki najiuliza kama mwandishi aliisoma tamthilia yenyewe au alisimuliwa. Anadai Macbeth alikuwa askari mwema, mtiifu kwa mfalme wake, hadi mkewe alipompotosha. Kalamu yake naiheshimu, ila hilo silipati popote.

Wachawi wanapomtabiria ufalme, hawataji damu wala jambia. Wazo la kumuua mfalme Duncan linamjia mwenyewe, papo hapo nyikani, nywele zikimsimama kwa hofu, na mkewe yuko mbali hajui lolote. Barua ya mumewe ya kumweleza utabiri huo inamfikia baadaye. Tena Macbeth anapotaka kujitoa, mkewe anamkumbusha kuwa yeye ndiye aliyeuleta mpango huo, hata kabla nafasi haijapatikana. Macbeth hakanushi. Angekuwa anasingiziwa, angenyamaza?

Simtakasi mama huyu. Aliwalevya walinzi wa mfalme, na alimsimanga mumewe kwamba si mwanamume hadi akakosa pa kutokea. Hilo ni lake.

Lakini niliwahi kumwigiza, enzi za ujana wangu, na kuna maneno ambayo mwongozaji wetu alitaka niyapitie haraka. Usiku wa mauaji, akimsubiri mumewe, anasema kwamba kama Duncan asingefanana na baba yake pale alipolala, angemuua yeye mwenyewe. Nilikataa kuyaharakisha. Huyu ndiye aliyewaomba mapepo wamwondolee huruma yote, na sasa sura ya mzee aliyelala imemshinda! Kisha Macbeth anatokea na majambia mkononi, yale yaliyopaswa kuachwa kando ya walinzi ili wasingiziwe wao, na hathubutu kurudi nayo. Anayeyarudisha ni mke. Anatoka huko viganja vimelowa damu, anasema maji kidogo tu yatatosha kuisafisha. Mwangalie baadaye, anatembea usingizini, taa haruhusu iwe mbali naye, anasugua mikono isiyo na doa na kushangaa kuwa mzee yule alikuwa na damu nyingi kiasi kile. Mzee ni yule yule. Waigizaji wengi hulia sana katika onyesho hili, mimi naona halihitaji kilio.

Mume yeye anazidi kuzoea. Walinzi anawaua bila kushauriana na mtu. Banquo, mwenzake wa vitani, anatumiwa wauaji, na mke akiuliza kuna nini, anaambiwa asijisumbue kujua, atasifu likishatendeka. Mzimu wa Banquo unapomtokea Macbeth karamuni, ni mke huyo huyo anayehangaika kuwatuliza wageni, akificha asichokijua.

Halafu wanachinjwa mke na watoto wa Macduff, mmoja wa wakuu wa Uskoti. Wachawi walimwonya Macbeth ajihadhari na Macduff, si na watoto. Mkewe hakuwepo wala hakuulizwa. Mwandishi wenu atuambie: huko alisukumwa na nani?

Ni mimi,
Mwigizaji wa zamani