Saa nane usiku kompyuta ya nyumbani imezimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa ukurasa wenu wa teknolojia, aliyetushauri sisi wenye kompyuta za nyumbani tupange antivairasi, yaani programu ya kukinga virusi vya kompyuta, iskani (ikague) mafaili yote kila siku saa nane usiku, wakati mashine haina mtumiaji. Kwa ofisi ambayo mashine zake hazizimwi, sina ubishi. Nyumbani saa hiyo kompyuta imezimwa na waya umechomolewa ukutani. Itaskani nini?

Mimi ni katibu muhtasi mstaafu. Siku hizi napiga chapa kazi za watu nikiwa nyumbani: tasnifu, katiba za vikundi, miswada ya mashairi. Kila mteja huja na flashi yake, na flashi hiyo imeshapita kwenye mashine za watu wengine kabla ya kufika kwangu. Virusi vya kompyuta naishi navyo.

Tuanze na hilo neno "yote". Windows 10 na 11 zinakuja na antivairasi yake, Microsoft Defender, ambayo hukagua kila faili pale linapofunguliwa. Huo ndio ulinzi wa kutwa. Kuskani kwa ratiba ni kupita mara ya pili, endapo kuna kilichoponyoka. Kuna kuskani kwa haraka, kunakopekua kumbukumbu ya mashine na zile sehemu ambazo virusi hupenda kujisajili ili viamke kila kompyuta inapowashwa. Dakika chache kumekwisha. Na kuna kuskani kamili, faili kwa faili, diski nzima. Kwenye mashine yangu, yenye diski ya zamani ya kuzunguka, kuskani kamili hula saa nyingi, na nikiendelea kuchapa, herufi huchelewa kutokea kwenye kioo. Microsoft wenyewe wanasema kwa kawaida kule kwa haraka kunatosha, ilimradi ulinzi wa kutwa umewashwa. Kuskani kamili nakuacha kwa siku maalumu: kirusi kimenaswa, au nimepokea kompyuta iliyotumiwa na mwingine. Kulazimisha kuskani kamili kila siku ni kumchosha mwenye mashine mpaka aizime antivairasi kabisa, na nimewaona waliofanya hivyo.

Sasa saa. Ratiba ya Defender hupangwa ndani ya Task Scheduler, programu iliyomo kwenye Windows. Ukiifungua unaingia folda ya Microsoft, kisha Windows, kisha Windows Defender, na humo utaikuta kazi iitwayo Windows Defender Scheduled Scan. Hapo unaongeza siku na saa unayotaka. Chagua saa ambayo mashine huwa imewashwa lakini mikono yako imepumzika. Yangu ni mchana, saa saba. Halafu usiondoke. Pita kwenye masharti uone kama kazi imewekewa sharti la kufanyika pale tu kompyuta inapotumia umeme wa ukutani, maana mwenye kompyuta mpakato anayeshinda kwenye betri atakaa miezi akidhani anaskani. Na kwenye mipangilio weka alama mahali panaposema kazi iliyopitwa na saa yake ifanyike mapema iwezekanavyo. Alama hiyo moja inafaa kuliko saa nane za usiku zote. Ipo pia ya kuiamsha mashine iliyolala, lakini iliyolala na iliyozimwa ni vitu viwili.

Mwandishi amependekeza pia tuweke antivairasi mbili "kwa uhakika zaidi". Hapana. Mbili zikilinda kwa wakati mmoja hugombania faili lilelile na mashine huwa nzito. Ndiyo maana Defender kwa kawaida hujiweka kando ukisakinisha nyingine.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni flashi, ambazo makala nzima haikuzigusa. Defender ikiachwa kama ilivyokuja, hata kuskani kamili huziruka. Ratiba yako inaweza kufuatwa bila kukosa na flashi iliyochomekwa ubavuni isiguswe. Inabidi uiambie mwenyewe: kabla ya kufungua chochote, bofya jina la flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua kuskani.

Juzi kijana aliniletea tasnifu yake. Kwenye flashi folda zote zilikuwa na kishale kidogo pembeni ya picha yake, na kila moja ilionyesha ukubwa wa kilobaiti chache tu, wakati mwenyewe anasema zina picha na sura nzima nzima. Hizo hazikuwa folda. Zilikuwa njia za mkato (shortcut) zilizotengenezwa na kirusi, ukibofya moja unakiwasha. Niliskani, kirusi kikapelekwa karantini, yaani kikatengwa kisidhuru, vishale vikatoweka, na flashi ikaonekana tupu. Kijana alitaka kulia. Wengi wakifika hapo huifomati flashi, yaani huifuta yote, nao ndio wanaopoteza kazi zao kweli, kwa sababu mafaili yalikuwemo muda wote, yamefichwa tu. Antivairasi huondoa kirusi. Kufichua kilichofichwa haimo katika kazi yake. Kwa hilo unafungua dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika mstari mmoja.

Naomba mwandishi wenu auchapishe kwenye ukurasa wake kwa herufi kubwa, maana nafasi na mikwaju yake haina msamaha: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na hiyo E ibadilishwe iwe herufi ambayo kompyuta imeipa flashi yako.

Wako,
Mpiga chapa mstaafu