Sudan inahitaji zaidi ya sentensi mbili

Mhariri,

Naandika kuhusu vita vya Sudan na jinsi vyombo vyetu vya habari vinavyovipitia juu juu. Tangu 15 Aprili 2023 jeshi la serikali la Jenerali Burhan na wapiganaji wa kikosi cha RSF cha Jenerali Hemedti wanapigana, zaidi ya watu milioni 12 wameyakimbia makwao, ila taarifa ya saa mbili usiku unasikia sentensi mbili halafu hao, tumehamia mpira wa Uingereza.

Mji wa El Fasher, huko Darfur, ulizingirwa na RSF tangu Mei 2024 mpaka ukaanguka mikononi mwao Oktoba 2025, yaani karibu mwaka na nusu, na watu humo ndani wakawa wanakula mashudu ya karanga, yale yale tunayowapa ng'ombe, na hata hayo yakaja kuwa adimu. Hii ilitakiwa iwe ukurasa wa mbele jamani, siyo tuokoteze vipande kwenye WhatsApp. Na wala siyo vita vya mbali, RSF na wenzao walisaini mkataba wa kuunda serikali yao hapo Nairobi, Februari 2025, na wakimbizi wa Sudan wako Kiryandongo, Uganda, mwandishi anafika kwa basi tu.

Naomba gazeti lako litenge hata nusu ukurasa kila wiki. Tumeni mtu Kiryandongo akae na hao watu awasikilize, Kiarabu kisiwe kisingizio maana wanaokijua Zanzibar na Mombasa wapo kibao, na mtuwekee ramani, wengi wetu hatujui Darfur iko upande gani.

Msomaji wenu, Dar es Salaam